Dola Iliyochanika

Kule Uvira, Kongo, ukimpa mwenye duka noti ya dola iliyochanika pembeni, hata pakiwa padogo kama ukucha wa mtoto, anakurudishia. Hasemi ni bandia. Anajua ni dola halali, wewe unajua, na aliyesimama nyuma yako anajua. Ila yeye haipokei, na asipoipokea huna la kufanya nayo. Hapa Texas nimelipia vitu kwa noti zilizochanika, zilizochorwachorwa, hata zilizounganishwa kwa gundi ya karatasi, na sijaona keshia aliyezitazama mara mbili. Nikadhani mambo ya noti zile yamebaki ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Yalinikuta mezani kwangu, Fort Worth, mwaka 2018, safari hii yakiitwa krediti.

Mwenye krediti ni mpwa wangu, mtoto wa dada. Alizaliwa 1995, akakulia kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, akasoma shule za kambini ambako watoto wetu walifundishwa kwa Kifaransa, kwa mtaala wa Kongo, kana kwamba kesho tutarudi. Hatukurudi. Alifika Texas ana miaka 16, akamaliza sekondari kwa taabu, na mwaka 2014 akaingia chuo cha jamii.

Vyuo vya jamii nisivisingizie. Cha kwanza cha umma kilifunguliwa Joliet, Illinois, mwaka 1901, na wazo lake mpaka leo ni lilelile: soma miaka 2 karibu na nyumbani kwa bei nafuu, kisha hamia chuo kikuu umalizie miaka 2. Chuo cha mpwa wangu kilitoza chini ya dola 1,000 kwa muhula. Chuo kikuu cha umma alichokuwa anakiota kilitaka karibu dola 10,000 kwa mwaka, chakula na chumba havimo. Mtu mwenye akili timamu angeanzia pale alipoanzia yeye.

Alitaka uhandisi wa umeme. Siku ya kujiandikisha akakuta karatasi yenye digrii za miaka 2 za aina tatu: AA, AS na AAS. Chini ya AAS paliandikwa neno elektroniki, chini ya zile nyingine hakuna. Akanipigia simu akiwa kwenye foleni. "Mjomba, nichukue ipi?" Nilikuwa kazini, mashine zinanguruma. Nikamjibu, "Digrii ni digrii, mjomba. Chukua hiyo yenye umeme." Sentensi hiyo ilinichukua sekunde 5.

AS imetengenezwa kwa ajili ya anayeendelea na chuo kikuu. AAS imetengenezwa kwa ajili ya anayekwenda kazini, na kwa kazi hiyo ni nzuri. Wapo mafundi waliotoka nayo wanaolipwa kuliko mimi. Lakini masomo yake mengi ni ya ufundi, na chuo kikuu hakilazimiki kuyahesabu. Krediti za chuo huhesabiwa kwa saa, na Texas ina fungu la saa 42 za masomo ya msingi, yaani uandishi, hisabati, historia, sayansi na mengineyo, ambalo ukilikamilisha kwenye chuo kimoja cha umma vingine vyote vya umma vinalipokea zima. Mwanafunzi wa AAS analigusa kidogo tu. Herufi moja ya A iliyozidi, na hakuna aliyetueleza. Wala hatukuuliza, tuseme ukweli.

Ada haikumsumbua, kwa sababu ya Pell. Hii ni ruzuku ya serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato cha chini, hairudishwi kama mkopo, na mkimbizi aliyepokewa rasmi anaiomba kama raia kwa kujaza fomu ya FAFSA, ambayo haina malipo. Mwaka wake wa kwanza kiwango cha juu kilikuwa dola 5,730. Chuo kikishakata ada, inayobaki anapewa mwanafunzi mkononi kwa ajili ya vitabu, nauli na kula. Kwa kijana aliyekulia kwenye mgao wa unga, ile hundi ya kila muhula ilikuwa muujiza. Alimnunulia mama yake kitanda. Alituma hela Kasulu kwa bibi. Nani angemlaumu?

Ila Pell ina kikomo. Tangu Julai 2012 mtu anapewa kiasi cha mihula 12 kamili, basi, maisha yake yote. Na kinachohesabiwa ni fedha uliyokwishapewa. Somo lako lipokelewe au likataliwe huko mbele, hesabu ya Pell haijui.

Mihula yake 2 ya kwanza ilikwenda kwenye Kiingereza cha wageni. Hilo halikuepukika, lakini madarasa yale hayakumpa hata saa moja ya digrii, na Pell ililipa. Muhula wa tatu alipata zamu ya usiku ghalani, akawa anasinzia darasani, na wiki ya 7 akaacha masomo yote kimyakimya, kama mtu anayeondoka msibani bila kuaga. Kanuni ya serikali ni kwamba kabla hujapita asilimia 60 ya muhula, hujaistahili ruzuku yote. Chuo kikarudisha sehemu yake kisha kikamletea yeye bili ya karibu dola 400. Krediti hakupata, na kwenye mihula yake 12 karibu muhula mzima ukakatwa. Baada ya hapo alitulia. Mihula 5, saa 12 kila mmoja, akafikisha saa 60. Mei 2018 alivaa joho. Tulichinja mbuzi.

Dalili tulizipata kabla ya mbuzi. Februari ile, alipoomba chuo kipeleke transkripti yake, yaani rekodi ya masomo na alama zake, chuo kikuu, jibu likaja kwamba imezuiwa. Alikuwa na faini ya maegesho ya dola 35, na onyo lilikuwa kwenye barua pepe ya chuo, ile ambayo hakuwa akiifungua. Alipolipa na karatasi ikatoka, tarehe 1 Machi ilikuwa imepita. Hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kuomba ufadhili wa wanafunzi wanaohamia. Maombi ya kuingia chuo yalikuwa bado wazi kwa miezi, nasi tulidhani mlango ni mmoja. Kanuni ya serikali kuu iliyoanza Julai 2024 ilivibana vyuo visizuie transkripti ya mihula iliyokwishalipwa kwa fedha za serikali. Kwake ilichelewa miaka 6.

Mwezi Juni ikaja barua ya tathmini kutoka chuo kikuu. Kati ya saa 60 wamepokea 24.

Aliiweka mezani, akaigeuza nyuma kuona kama kuna ukurasa mwingine. "Mjomba, wamekosea." Niliisoma mara tatu. Hawakukosea. Saketi alizofunga, mota alizofungua na kuzifunga, alama za A na B, vyote vilikuwepo, na mbele ya kila kimoja hakuna saa. Hapo ndipo nilipomkumbuka mwenye duka wa Uvira. Mwaka mmoja kabla, ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani, GAO, ilikadiria kwamba wanafunzi wanaohama chuo hupoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao. Wetu alipoteza 60 katika kila mia, kwa hiyo hata kwenye msiba wa wengi yeye alikuwa mbele ya jeneza.

Tukachukua kalamu. Shahada ya kwanza ilihitaji saa 120. Amebakiza 96. Kwa mwendo wake wa saa 12, hiyo ni mihula 8. Pell iliyobaki ni ya mihula 4 na chenji. Saa zilizokataliwa alizipoteza mara mbili: atazisoma upya, na ruzuku iliyozilipia haitarudi kuzilipia tena. Halafu kukatokea la tatu ambalo hata mimi sikulitegemea. Mkopo wa serikali unapangwa kwa daraja la mwanafunzi, na daraja linahesabiwa kwa saa zilizopokelewa. Mwenye saa 24 ni wa mwaka wa kwanza. Kijana wa miaka 23 mwenye digrii ya miaka 2 ukutani alikuwa anaruhusiwa kukopa dola 5,500 kwa mwaka, kiwango cha mtoto aliyetoka sekondari jana. Angepokelewa zote 60 angekopa 7,500. Na kwa kuwa hakuwa ametimiza miaka 24, fomu bado ilimhesabu chini ya mama yake.

Aliyetuokoa kidogo ni mama mmoja Mrundi aliyekuwa akifanya kazi maktaba ya kile chuo kikuu. Alimwambia tathmini si hukumu ya mwisho, inakatiwa rufaa. Kijana akarudi chuo chake cha zamani akaomba mihtasari ya masomo: wiki kwa wiki mmefundishwa nini, kwa kitabu gani, maabara saa ngapi. Akaipeleka idarani na barua fupi, somo moja moja. Agosti wakamwongezea saa 6. Ni kidogo, lakini 24 na 6 ni 30, na 30 ni mwaka wa pili, na mwaka wa pili mkopo ni dola 6,500. Siku hiyo nilimwona akitabasamu kwa sababu ya deni.

Pell ilikauka mwanzoni mwa 2020. Mihula iliyobaki aliimaliza kwa mkopo na zamu za usiku, zilezile zilizomwangusha mwanzoni, akahitimu Disemba 2021 akiwa na deni la dola 31,000. Marejesho yalikuwa yamesimamishwa nchi nzima tangu Machi 2020 kwa ajili ya korona. Yalipofunguliwa Oktoba 2023 alianza kulipa, na bado analipa. Yeye ni mhandisi, simsikitikii. Ninachokisikitikia ni ile simu yangu ya sekunde 5.

Sasa mdogo wake wa kike yuko chuo kilekile cha jamii, anataka ufamasia. Hana habari ya kuniuliza mimi, na ana haki. Anamuuliza kaka yake, na kaka yake hamjibu, anamwambia, "Waulize unakokwenda." Kwa hiyo kabla ya kila muhula binti anaandika orodha ya masomo anayotaka kuyachukua, namba zake zote, anaituma kwa barua pepe kwa mshauri wa masomo wa chuo kikuu ambacho bado hakijamjua, na jibu analihifadhi.

Agosti iliyopita jibu lilichelewa, akajiandikisha kemia na kununua kitabu. Likafika siku ya pili ya masomo: kemia hiyo ni ya wasioendelea na sayansi, hatutaihesabu, chukua ile yenye maabara. Alibadilisha mchana huohuo kwenye simu, akiwa bado amesimama koridoni. Jioni kaka yake alipita kumchukua, wakakirudisha kitabu dukani. Plastiki ilikuwa haijatolewa.