Muulize Kwanza Umeme Wake Unatoka Wapi

Mtu akikwambia, "Ndugu yangu, niunganishie kompyuta," amekupa kazi mbili kwa mpigo. Moja inakwisha siku unapomkabidhi mashine yake. Nyingine haina mwisho, kwa sababu kuanzia siku hiyo wewe ndiye duka lake, fundi wake na dhamana yake. Vijana wetu wengi wa Goma huipokea ile ya kwanza kwa mikono miwili na kuikwepa ya pili. Jambo hili linaniuma, na leo nataka tuliseme wazi.

Mwalimu mmoja wa Kibumba, ninayemheshimu kama kaka yangu mkubwa, ameniletea swali. Shule yao inataka kompyuta ya kuchapia mitihani na kuwekea orodha za wanafunzi. Wazazi wamechanga dola kidogo kidogo. Je, anunue iliyo tayari, au atafutiwe vipande aunganishiwe? Mjini alikwisha kuandikiwa orodha: prosesa kali, kadi ya picha, kasha lenye taa za rangi. Nikamuuliza kama kuna yeyote aliyetaka kujua umeme wa shule unatoka wapi. Hakuna.

Fundi wa chukudu asingemfanyia hivyo. Kibumba wanajua baiskeli hizi za mbao kuliko watu wengi duniani, maana ndizo zinazoteremsha viazi, mashu na karoti hadi sokoni Goma, zaidi ya kilomita 20 za barabara ya Rutshuru. Niliwahi kumtazama fundi mmoja akipokea oda. Kabla hajashika panga wala tezo alimuuliza kijana atabeba mzigo gani na anatokea upande gani wa mlima. Akampigisha goti juu ya ubao wa zamani, akautazama mkono wake unafika wapi kwenye usukani. Kisha wakazungumza kirefu juu ya breki, ule ulimi wa mpira wa tairi unaokandamizwa kwa mguu kwenye gurudumu la nyuma, kwa sababu mwenye magunia mawili ya viazi kwenye mteremko uhai wake uko pale. Na ubao ukipasuka, kijana anajua nyumba ya fundi.

Sasa turudi kwenye kompyuta. Ulaya na Marekani watu hubishana zaidi juu ya bei na kasi, na hata huko hesabu zimevurugika: Desemba 2025 kampuni ya Micron ilitangaza kwamba inaacha kuuza kumbukumbu zake za Crucial kwa wateja wa kawaida, ipate kuhudumia vituo vikubwa vya akili bandia. Kwetu swali ni jingine. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025, benki zikafunga milango, na kipande kinachoungua leo kitafuatwa kwa barabara, kwa pesa taslimu. Madini ya koltani yanayotoka Rubaya, hapa hapa Kivu Kaskazini, yamo ndani ya kompyuta za dunia nzima, lakini mwalimu wa Kibumba hana pa kupata powasapulai, kile kipande kinachoipa kompyuta umeme.

Ile ya kuunganishwa ina fadhila moja kubwa ambayo siidharau. Vipande vyake hufuata vipimo vya kawaida, hivyo powasapulai ikiungua utaweka nyingine yoyote ya aina hiyo. Kompyuta nyingi za ofisini za HP na Dell, zile zilizotumika tunazouziwa, zina powasapulai za umbo la kipekee, na usipoipata ya namna ile ile, kasha zima linakuwa stuli. Mwenye fundi wa kweli karibu, aunganishiwe, wala asisite.

Lakini mwalimu wangu hana fundi karibu. Ana paneli ya jua na betri. Kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake inaweza kula hadi wati 150, na ukiweka kadi kubwa ya picha inaweza kupita 300. Laptopu hutosheka na chaja ya wati 65 au pungufu, tena ina betri yake ndani umeme ukikatika katikati ya mtihani. Halafu kuna jambo ambalo hakuna orodha ya duka inayoliandika. Mwishoni mwa 2022, mapigano yalipofika Kibumba, watu walishuka hadi Kanyaruchinya, karibu na Goma, na kile tu walichoweza kubeba. Orodha za wanafunzi zilizomo ndani ya kasha la chuma zingebaki. Laptopu inaingia kwenye begi.

Kwa hiyo nilimwambia: Mwalimu, nunua laptopu iliyotumika, ya aina ya ofisi, na mimi nitakuja kuikagua kabla hujatoa pesa. Tutaangalia betri, tutaangalia umri wa prosesa. Msaada wa bure wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa karibu zote za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane Microsoft haizikubali kwa Windows 11. Ndiyo maana mashine nyingi za zamani zinauzwa bei ya kutupa. Ukiikuta nzuri ya namna hiyo si vibaya, tutaiwekea Linux, itaandika mitihani miaka mingi. Pesa itakayobaki inunue diski ya nje ya kuhifadhia nakala.

Nanyi vijana mafundi wa Goma, mikono yenu ni hodari na sitaki muache kuunganisha. Ninawaomba jambo moja tu: kabla hamjapokea dola ya kwanza ya mtu wa Kibumba, pandeni mkakione chumba ambamo mashine itakaa, mkamwachie na namba ya simu mtakayoipokea.