Hatua za Umri ni Deni la Nani?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humhesabu kijana kuwa mtu aliyefikisha miaka 18 na hajatimiza 35. Mkataba wa Vijana wa Afrika, uliopitishwa Banjul mwaka 2006, unaanzia miaka 15 na kukomea hapo hapo kwenye 35. Serikali haina budi kupiga mstari mahali fulani, maana mikopo na nafasi haziwezi kugawiwa bila kujua nani anahesabiwa. Hata hivyo, hakuna anayeamini kwamba mtu hulala kijana akaamka mtu mzima. Binti wa miaka 22 anayesomesha wadogo zake tunamwita mtu mzima bila kusita. Mwanamume wa miaka 40 anayeishi chumba cha uani kwa wazazi wake, barazani wanamhukumu kuwa hajakua. Basi ni kitu gani hasa kinachomtoa mtu katika hatua moja ya maisha na kumtia katika nyingine? Na akikwama, lawama ni ya nani?

Jibu lililo karibu na ulimi ni kwamba lawama ni yake mwenyewe. Tumezoea kuyaona maisha kama ngazi ambayo kila mtu huipanda kwa miguu yake, na anayebaki chini ni mvivu au mwoga. Hata nadharia inayojulikana zaidi kuhusu hatua hizi, ile ya Erik Erikson, wanafunzi wengi wa ualimu na saikolojia huikariri kwa namna hiyo: jedwali la mistari minane, kila mstari na umri wake na mtihani wake. Naona usomaji huo umelikosa jambo kubwa kuliko yote katika nadharia yenyewe.

Erikson alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1902, akalelewa na mama Myahudi kutoka Denmark na baba wa kambo aliyekuwa daktari wa watoto. Baba aliyemzaa hakupata kumjua. Shuleni alibaguliwa kwa Uyahudi wake; kwenye sinagogi alionekana mgeni kwa sababu ya nywele zake za rangi ya dhahabu na macho yake ya buluu. Ujanani alizunguka Ulaya akichora, hadi mwaka 1927 alipoitwa Vienna kufundisha katika shule ndogo iliyohusiana na mchambuzi wa nafsi Anna Freud, ambaye baadaye alimfunza kazi hiyo. Wanazi walipotwaa madaraka alihamia Marekani, na mwaka 1950 akachapisha kitabu chake kuhusu utoto na jamii, ambamo zile hatua nane zilipata umbo lake.

Kwa ufupi ni hizi. Mtoto mchanga hukabiliwa na swali la kuamini au kutoamini. Anapoanza kutembea, swali la kujitawala au kuona aibu na shaka. Kabla ya shule, uthubutu au hatia. Shuleni, bidii au unyonge. Kijana huulizwa yeye ni nani, asije akabaki bila kujielewa. Mtu mzima mchanga huulizwa kama anaweza kuwa karibu na mwingine bila kujipoteza, au atabaki mpweke. Umri wa kati huuliza kama mtu analea kinachokuja baada yake au amedumaa. Uzee huuliza kama maisha aliyoyaishi anaweza kuyakubali kuwa yake, au atayafunga kwa kukata tamaa.

Sasa tazama swali la kwanza. Mtoto wa miezi mitatu hawezi kuamua kuamini. Akilia usiku, kuna anayekuja au hakuna. Akija, anakuja kwa mkono ule ule na sauti ile ile, au kila mara ni kitu kipya. Imani ya mtoto ni hesabu ya mwenendo wa watu wazima. Nenda hatua inayofuata: mtoto anayekataa kulishwa na kushika kijiko mwenyewe hujifunza kujitawala ikiwa tu kuna mtu anayeweza kuvumilia uji kumwagika. Mwanafunzi hupata bidii ikiwa kuna kazi inayolingana na uwezo wake na mwalimu anayeiona. Mstari kwa mstari, mtihani unaodhaniwa kuwa wa mtu mmoja una watahiniwa wawili, na mara nyingi yule wa pili ni mkubwa kiumri.

Erikson mwenyewe aliona hivyo. Alieleza kwamba hatua za kizazi kimoja hushikana na za kingine: mtoto anayejifunza kuamini humkuta mzazi ambaye naye yuko katika hatua ya kulea, na mzazi huyo anahitaji kuhitajiwa. Si mtoto peke yake anayekua hapo. Ndiyo maana nadharia yake iliunganisha nafsi na jamii tangu mwanzo. Tukiiondoa jamii, hatua zote nane zinageuka kuwa alama za tabia, na aliyenyimwa anaonekana kama aliyeshindwa.

Ushahidi aliuona kwa macho. Mwishoni mwa miaka ya 1930 alikwenda Pine Ridge, South Dakota, pamoja na mwanaanthropolojia Scudder Mekeel, kuwatazama watoto wa Wasioux, wenyeji wa asili wa Marekani, katika shule za serikali. Walimu walilalamika kwamba watoto hawana hamu ya lolote. Kwa macho ya kawaida hilo lingekuwa kasoro ya hatua ya nne: hawana bidii. Lakini bidii ya nini? Nyati waliobeba uchumi, ibada na heshima ya wazee wao walikuwa wameangamizwa. Nyumbani mtoto alifunzwa kwamba mtu wa heshima hugawa alicho nacho. Darasani alifunzwa kwamba mtu wa heshima huweka akiba. Kila upande ulimwonyesha kwamba upande wa pili unamdhalilisha. Ufa haukuwa ndani ya mtoto. Ulikuwa kati ya watu wazima waliopaswa kumfungulia njia, yeye akiishi mahali pale pale ulipopasukia.

Afrika Mashariki ina mifano ya kale inayoonyesha jambo hili waziwazi kuliko kitabu chochote. Kwa Wamaasai, mvulana hafikii uzee kwa kupitisha miaka tu. Kuna Enkipaata inayowaandaa wavulana, Eunoto ambapo morani hunyolewa nywele zake ndefu, na Olng'esherr inayowaingiza katika uzee. Mwaka 2018 UNESCO iliziorodhesha sherehe hizi tatu miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Zaidi ya sherehe zenyewe, kinachonivutia ni mpangilio ulio nyuma yake. Rika jipya hupewa walezi kutoka rika lililolitangulia kwa marika mawili, wazee wanaopekecha moto wa kulifungua na kuwajibika kwa mwenendo wake. Hatua ya vijana ni kazi ya wazee. Na vijana hawawezi kuingia kwenye umorani kikamilifu mpaka waliotangulia wakubali kuuachia. Mtu ni watu, wanasema Waswahili, na hapa msemo huo umepewa ratiba na wasimamizi.

Lakini mpangilio huo nao una gharama yake. Rika humpa kijana jibu la swali la tano kabla hajaliuliza. Mwaka 1966 mwanasaikolojia James Marcia, akiendeleza kazi ya Erikson, alitofautisha kati ya mtu aliyejipata baada ya kutafuta na mtu aliyepokea utambulisho wa wazazi wake bila kuuhoji. Wote wawili huonekana imara. Wa pili, dunia yake ikibadilika, anaweza kubaki na majibu ya maswali yasiyoulizwa tena. Vilevile, njia hizi, ya rika na ya Erikson, zilichorwa zaidi kwa mwendo wa wanaume. Mwanasaikolojia Carol Gilligan, katika kitabu chake cha 1982, alimkosoa Erikson kwa sababu hiyo: kwa nini kujijua kutangulie ukaribu, kana kwamba mtu hujikamilisha akiwa peke yake kisha ndipo apende? Wanawake wengi hujijua ndani ya mahusiano yenyewe. Ukosoaji huo ni wa haki, na kwangu unaikaza hoja badala ya kuilegeza. Ikiwa hata utambulisho hupatikana kati ya watu, basi hakuna hatua hata moja inayoweza kuitwa ya mtu binafsi.

Hapa ndipo kijana wa leo anapohukumiwa vibaya. Erikson alizungumzia muda ambao jamii humruhusu kijana kuahirisha majukumu ya utu uzima ili ajaribu na kujitafuta. Yeye mwenyewe aliutumia akizunguka na karatasi zake za kuchorea. Muda huo una sifa mbili: umetolewa kwa hiari, na mwisho wake kuna mlango. Mhitimu wa Dodoma au Kisumu anayezunguka na bahasha ya vyeti mwaka wa nne hana hata moja kati ya hizo. Hakuruhusiwa kusubiri, amesubirishwa. Wala hajui kama kuna mlango. Kumwambia kwamba ujana ni moshi, ukienda haurudi, ni kumkumbusha anachokijua vizuri kuliko msemaji. Jina sahihi la hali yake ni kutofunguliwa, na wenye funguo wako katika hatua ya saba, ile inayopima kama mtu analea kinachokuja baada yake. Kiongozi wa miaka 75 anayeng'ang'ania kiti, tajiri anayetaka mfanyakazi mwenye uzoefu lakini hamfunzi mtu, mzazi anayechagua kila kitu kwa ajili ya mwanawe wa miaka 30: hao ndio waliodumaa, ingawa lawama anabebeshwa mwingine.

Itaulizwa: je, basi mtu hana wajibu juu ya makuzi yake? Anao, lakini una mpaka, na maisha ya Erikson yenyewe yanauonyesha mpaka huo kwa uchungu. Mwaka 1944 alizaliwa mwanawe mwenye hali ya Down. Mtoto alipelekwa kulelewa kwenye taasisi, na baadhi ya ndugu zake wakaambiwa kwamba alifariki alipozaliwa. Ni rahisi kusema mhubiri hakuyaishi mahubiri yake. Swali zito zaidi ni lile linaloigusa nadharia: kama ubinadamu ni kupanda hatua nane, mtoto ambaye hatazipanda zote anawekwa wapi? Kwenye jedwali hana mstari. Lakini tukikubali kwamba kila hatua ni swali linaloelekezwa kwa wengine, mtoto huyo hajatoka nje ya ubinadamu hata kidogo. Naye analia usiku, naye anauliza kama kuna atakayekuja. Anayepimwa hapo ni mtu mzima.

Ugumu mwingine ni wa wale ambao wadaiwa wao hawatalipa kamwe: baba aliyetoweka, kijiji kilichosambaratika kwa vita, shule iliyomfunza mtu kwamba yeye ni mjinga. Nadharia ya hatua ingekuwa hukumu ya kikatili kama kila hatua ingefungwa milele umri wake ukipita. Erikson hakufundisha hivyo. Kila swali hubaki ndani ya mtu na kurudi: swali la kuamini huibuka upya katika ndoa, katika ugonjwa, na mwishoni kabisa. Joan, mkewe na mshirika wake wa kazi, akiwa katika miaka yake ya tisini aliongeza hatua ya tisa, ambamo mwili unapodhoofika maswali yote ya awali huja tena, safari hii upande wa shaka na aibu ukitangulia. Bibi asiyeweza tena kufika chooni peke yake anarudishwa kwenye swali la kujitawala, na jibu lake, kama la mtoto wa miaka miwili, liko mikononi mwa anayemsaidia na namna anavyomsaidia.

Kama maswali yanarudi, basi deni linaweza kulipwa na mtu ambaye hakulikopa. Erikson hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Watu wa Vienna walimpa kazi, mafunzo na rika la wenzake, na baadaye Harvard ikampa uprofesa. Baba aliyemkosa hakurudi kumlipa. Alipopata uraia wa Marekani mwaka 1939 alichukua jina jipya, Erikson, yaani mwana wa Erik, kana kwamba amejizaa mwenyewe. Ila hata jina la kujipa huwa jina pale tu wengine wanapokubali kuliita. Mama wa kambo, mwalimu wa darasa la nne, fundi anayemchukua mwanagenzi bila ada, kungwi anayesikiliza kuliko anavyoamrisha, kila mmoja wao hulipa deni la mwingine. Wajibu wa mtu juu ya makuzi yake, nadhani, ni kupokea malipo hayo yakija kutoka mkono asioutarajia, kisha kutafuta ni nani anayemdai yeye. Na kwa sisi tulio katika umri wa kati, mwenye kudai hayuko mbali: mara nyingi ni yule yule tuliyekuwa tukimlaumu kwa kutokua.