Kura Moja ya Nani?

Ukipita vijiji vya huku kwetu Suneka msimu wa kahawa, utaona ni nani anayechuma: mara nyingi ni mama, kikapu kiunoni, akichagua zile nyekundu moja moja. Kiwandani zinapimwa, kilo zinaandikwa kwa namba ya mwanachama. Na namba hiyo mara nyingi ni ya mzee, kwa sababu shamba liko kwa jina lake.

Tunapenda kusema ushirika ndio demokrasia ya mkulima. Si uongo. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 1997 inampa kila mwanachama kura moja tu, awe na hisa mbili au elfu. Kanuni hiyo, tuliyorithi kwa watu wa Rochdale, Uingereza, walioanzisha duka lao 1844, inamkata makali tajiri.

Lakini kuna swali linalotangulia kura: mwanachama ni nani? Mwenye ardhi au mwenye jasho? Utaambiwa ati kura ya baba ni ya nyumba nzima. Sawa, basi mbona mama haulizwi kabla haijapigwa? Pesa zikiliwa, karo ikikosekana, anayehangaika ni yeye.

Na sheria yenyewe haidai hati ya shamba. Ukiwa na miaka 18, unalima zao hilo, na unaishi eneo la chama, unaweza kuomba uanachama. Kwa hivyo tusingoje Nairobi. Mkutano mkuu ujao, hoja iwe moja: anayechuma aandikishwe. Tukibadilisha viongozi kila uchaguzi na daftari likabaki lilelile, tumebadilisha nini?