Matilaba ya Mtu na Haki za Wenziwe

Ndugu msomaji, watu wengi siku hizi hupenda kuandika orodha ya matilaba yao: kabla sijafa nijenge nyumba, nizuru nchi fulani, nimiliki shamba, nende Hija. Jambo hili si baya. Mtu asiye na azma ni kama chombo kisicho na usukani. Kila upepo huenda nacho. Lakini yapasa kila mwenye orodha ajiulize: katika haya niliyoyaandika, yako wapi yale ambayo wenzangu wananidai?

Na tutazame yaliyopita chini ya vilima vya Ngong, mpakani mwa Kajiado na Nairobi. Januari 1914 mwanamke wa Denmark, Karen Blixen, aliteremka Mombasa, akaolewa papo hapo mjini, kisha akapanda bara. Matilaba yake yalikuwa kustawisha shamba la kahawa. Kampuni ya jamaa zake ilimiliki eka kama 6,000, na kiasi cha eka 600 zikapandwa mibuni. Alijitahidi kwa miaka 17. Lakini mahali pale ni juu mno kwa kahawa, zaidi ya futi 6,000 toka usawa wa bahari, na mvua mara nyingi haikutosha. Madeni yakamzidi, na mwaka 1931 shamba likauzwa, likakatwa viwanja. Mtaa uliojengwa hapo ndio uitwao Karen hata leo.

Sasa, juu ya ardhi hiyo walikuwako watu. Wakikuyu wengi walikaa humo wakilima vipande vyao, kwa sharti la kumfanyia kazi mwenye shamba siku 180 kwa mwaka. Wako waliozaliwa papo hapo. Lakini mbele ya sheria ya kikoloni walihesabiwa wapangaji tu. Shamba lilipouzwa waliamriwa kuhama, na ombi lao lilikuwa moja: wasitawanywe. Bibi yule, katika miezi yake ya mwisho, alizunguka ofisi baada ya ofisi za Serikali kuwaombea, hata wakapewa mahali pa kukaa pamoja katika msitu wa Dagoretti. Habari hizi amezieleza mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1937.

Hatuyataji haya kwa kumsifu. Kumwombea mtu kipande katika nchi ya babu zake si sadaka. Ni kurejesha sehemu ndogo ya haki iliyochukuliwa. Ila tuzingatie: matilaba aliyoyavukia bahari yalimponyoka, na jambo asilolijia kabisa ndilo lililotimia, nalo lilikuwa haki ya watu wengine.

Huenda mtu akasema: haki za watu ni wajibu, wala si matilaba, matilaba ni yale mtu ayapendayo kwa nafsi yake. Jawabu letu ni kuwa wajibu usiowekewa siku haufanywi. Tazameni mwendo wetu. Kwa safari tunakata tikiti; kwa deni tunasema Inshallah. Kwa harusi tunaweka tarehe na karamu. Kwa mirathi tunasema ngojeni kwanza. Ziko nyumba katika miji yetu zilizoachwa na wazee miaka mingi iliyopita. Ndugu wanaume wamo ndani au wanakula kodi yake, na dada zao hawajaona hata senti moja ya fungu lao. Na huenda mmoja wa ndugu hao anaweka akiba ya Hija ya pili!

Sheria yetu imetufundisha mpango wa mambo haya. Mtu akifa, deni lake hulipwa kabla warithi hawajagawana kitu. Ikiwa hivyo ndivyo ifanywavyo mali ya maiti, aliye hai ana udhuru gani wa kuanza na anasa na kuliacha deni nyuma?

Basi mwenye kutaka kuandika orodha na aandike, lakini mistari ya juu asiitie vitu, aitie majina: dada aliyezuiliwa fungu lake, yatima ambaye mali yake iko mkononi mwake, fundi ambaye ujira wake haujatimizwa, mwenye duka aliyemkopesha. Na mbele ya kila jina aweke siku. Nyumba isipokwisha, watoto wataimaliza. Lakini haki ya mtu ukifa nayo shingoni, huna hakika kuwa yuko atakayekulipia.