Adabu za Mgeni wa Mwaka Mzima

Kulelewa katika nyumba ya watu wasiokuzaa si jambo geni kwa vijana wa pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, kuanzia Palma na Msimbwa hata visiwa vya Ibo na Kirimba. Zamani mtoto aliyeonekana kuwa na fahamu ya chuo alipakiwa jahazini pamoja na mkeka wake, akapelekwa Kilwa, Ngazija au Unguja, akakabidhiwa kwa mwalimu, akachota maji ya nyumba ile na kula cha nyumba ile, na alipomrudia mama yake alikuwa ameota ndevu. Wakati wa vita vya ukombozi vijana walivuka Ruvuma, na baadhi yao wakasoma katika Taasisi ya Msumbiji, iliyoasisiwa Dar es Salaam mwaka 1963 na Bibi Janet Mondlane. Baada ya uhuru wa mwaka 1975, serikali ilipeleka wanafunzi Kuba, katika Kisiwa cha Vijana, tangu mwaka 1977. Na mwaka 1982 watoto wapatao 900 walipelekwa Staßfurt, katika Ujerumani ya Mashariki, kwenye shule iliyoitwa Shule ya Urafiki.

Hao wa Kuba na Ujerumani, hata hivyo, walikaa mabwenini, wao kwa wao, wakila kwa kengele na kulala kwa kengele; mtu aweza kukaa hivyo miaka sita katika nchi ya wenyewe asijue mama wa nchi ile huamkaje asubuhi. Safari ya siku hizi ni ya namna nyingine. Mwaka 2002, mwaka mmoja baada ya mashambulizi ya Septemba yaliyowashtua Wamarekani, bunge lao lilianzisha mpango uitwao YES, wenye majina ya maseneta Edward Kennedy na Richard Lugar, ili wanafunzi wa sekondari kutoka nchi zenye Waislamu wengi waende wakakae mwaka mmoja wa masomo Marekani, na Msumbiji, Tanzania na Kenya zikawa miongoni mwa nchi hizo. Mwanafunzi hakai bwenini, hukaa katika nyumba ya watu. Na watu hao, jambo ambalo wazee wetu huona taabu kulisadiki, hawalipwi ujira wowote kwa kumlisha na kumlaza. Kwa kijana wa namna hiyo, na kwa kila atakayeketi miezi kumi katika aila isiyo yake, nimeona nikusanye nasaha chache.

Mwanangu, la kwanza ulijue ni kwamba murua uliofundishwa kwenu utakuponza usipoujua undani wake. Kwetu mgeni mwema ni mnyamavu: akikaribishwa chakula hukataa kwanza, akibembelezwa hula kidogo, akiulizwa apendacho husema chochote, na mbele ya mtu mzima huinamisha macho. Uungwana huo una mantiki yake, maana mwenyeji wa kwetu naye amefundishwa kubembeleza, na kila mmoja anajua zamu yake. Mama wa Ohio au Minnesota hakufundishwa zamu hiyo. Ukimwambia umeshiba atakusadiki, ataondoa sahani, nawe utalala na njaa kwa ajili ya adabu asiyoijua. Ukimwambia chochote ni sawa, atadhani humwamini. Ukiinamisha macho mumewe akisema nawe, atafikiri una jambo unalificha. Kwa hiyo chukua nia ya adabu uliyolelewa nayo, ambayo ni kumwondolea mwenyeji mashaka, na uache sura yake ibaki nyumbani mpaka utakaporudi. Katika nyumba ile kumwondolea mwenyeji mashaka ni kusema: nina njaa, nina baridi, hiki sikiwezi, hiki nimekipenda, leo moyo wangu umekwenda nyumbani, niacheni kidogo nitakuwa mzima.

Wako watu wa pwani yetu waliokwisha kulithibitisha hili kwa upande wa wenyeji. Tangu Msimbwa ilipovamiwa tarehe 5 Oktoba 2017, na baadaye Palma mwezi Machi 2021, watu zaidi ya laki saba walihama makwao katika jimbo letu, na wengi wao hawakulala makambini bali katika nyumba za ndugu, marafiki na hata watu wasiowajua. Katika mtaa wa Paquitequete, huko Pemba, ambako mashua zilishusha maelfu mwishoni mwa mwaka 2020, nyumba ya vyumba viwili ilijikuta na aila tatu. Wasikilize kina mama wa huko wakisimulia habari za wageni wao. Hawamsifu sana yule aliyekaa kimya pembeni akila kwa aibu, kwani huyo aliwachosha kwa kumkisia; humsifu aliyesema mapema mtoto wake mgonjwa, aliyeuliza ndoo iko wapi, aliyejua siku ya kucheka. Wahenga walipotaka mgeni apewe jembe siku ya tatu hawakuwa wachoyo. Waliona kwamba mtu asiyepewa kazi habaki na njia ya kuwa wa nyumba ile.

Basi usingoje kupewa jembe. Mle ndani kazi zao ni ndogo lakini zina wenyewe: kuna wa kutoa taka siku ya gari la taka, kuna wa kupanga vyombo katika mashine, kuna wa kuzoa theluji mlangoni. Uliza ipi ni yako, kisha uifanye bila kukumbushwa. Mvulana aliyelelewa kwetu akaambiwa jikoni si mahali pake atayaona haya kuwa mageni. Nami nasema mwaka mmoja wa kuosha vyombo haujamwua mwanamume yeyote, na wake zetu wa baadaye watatushukuru.

Bafu lahitaji maneno yake peke yake, maana ugomvi mwingi wa nyumba huanzia humo. Sakafu ya bafu lao aghalabu haina tundu la kutolea maji. Wewe uliyezoea kujimwagia kwa kopo uani, maji yakijiendea zake mchangani, ukioga hivyo huko utalowesha mbao, na maji yatamdondokea mtu aliyeketi chumba cha chini akinywa kahawa yake. Simama ndani ya lile beseni kubwa, ingiza pazia lake upande wa ndani, na ukimaliza futa kilichotapakaa. Maji ya moto nayo yamo katika pipa moja la nyumba nzima, na mwenye kuoga nusu saa huwaachia wenzake baridi. Kuhusu tohara ya chooni, ambako utakuta karatasi tu, nunua kopo dogo la plastiki, uliweke safi mahali pasipokwaza mtu, na mtoto wa nyumba akiuliza ni la nini, mjibu kwa ufupi bila haya wala kumtolea hotuba ya usafi.

Mambo ya dini yaseme siku za mwanzo, kabla ya mfadhaiko, na yaseme kama mtu atoaye taarifa, si kama mtu aombaye radhi wala atangazaye vita. Mama mwenye nyumba hataki kukulisha nguruwe. Hajui tu kwamba maharage yake ya kopo yametiwa vipande vyake, na kwamba baadhi ya peremende za watoto zimegandishwa kwa gelatini ya ngozi na mifupa yake. Someni maandishi ya pakiti pamoja dukani, na jambo hilo litawapa mazungumzo. Mbwa utamkuta, tena yamkini utamkuta juu ya kochi. Madhehebu yetu ya Kishafii yana hukumu yake juu ya mate ya mbwa, nawe huna haja ya kuiacha. Omba pembe moja ya chumba asikoingia, uweke mkeka wako, na nguo za sala zitundike juu. Lakini usimpige teke, wala usimtazame kwa karaha mbele ya wenyewe, kwani wanampenda kwa mapenzi ambayo huna wadhifa wa kuyapima.

Saa za sala zitakushangaza. Kwetu Palma jua huzama saa kumi na moja na dakika kadhaa, na mwaka mzima tofauti yake haifiki saa moja, hata mtu akawa hana haja ya kutazama saa. Minnesota mwezi Desemba magharibi huingia kama saa kumi na nusu, wanafunzi wakiwa njiani kutoka shule, na mwezi Juni jua hukaa mpaka saa tatu ya usiku. Zungumza na mwalimu wako mapema juu ya mahali pa kusalia adhuhuri, naye atakupatia chumba. Ukijificha katika ngazi za moto ukakutwa umesujudu, utamtia mtu hofu isiyo na sababu. Na jumuiya ikiwa na msikiti, hata wa mbali, omba upelekwe Ijumaa moja moja, ila usidai kila Ijumaa, kwa kuwa dereva wako ni mtu mwenye kazi zake, nawe kwa sharti la mpango huruhusiwi kuendesha gari.

Sasa nije kwenye habari ambayo mwana wa Cabo Delgado hataiepuka. Wataisoma asili yako, watafungua simu zao, na jioni mezani mmoja atakuuliza juu ya vita. Pengine atauliza kwa huruma. Pengine, kwa kuwa wale wavamizi walijipa jina la dini yako, atauliza kwa dhana iliyofunikwa vibaya. Huna deni la kuwasimulia msiba wa kwenu. Ukiwa na nguvu ya kusema, sema ulichokiona na ulichokisikia kwa watu wako, na uwape insafu wote: kwamba misikiti nayo ilichomwa, na kwamba wengi wa waliouawa walisalia kibla kimoja na waliowaua. Usipokuwa na nguvu, jibu fupi latosha, kwamba ni habari ndefu na leo huiwezi, na mtu mwungwana ataelewa. Nakuhadharisha na jambo moja tu, nalo ni kuugeuza msiba kuwa bidhaa. Ukishaona kwamba kila ukilia unanunuliwa kitu, utaanza kulia kwa hesabu, na siku hiyo umewauza waliokufa.

Na hapo huja suala la fedha. Mpango hutoa posho ndogo kwa mwezi, na jamaa zako wa nyumbani, ambao wanaamini kwamba kuwa Marekani na kuwa na mali ni jambo moja, wataanza kukutumia ujumbe: mjomba anataka simu, binamu anataka viatu, jirani anataka umtafutie mfadhili. Usiwageukie wenyeji wako kwa haja hizo hata mara moja. Wamekupa chumba, chakula na nafasi katika gari lao bila malipo. Ukianza kuwaletea orodha, watakuwa na hadhari nawe, na kila wema wako watautafutia bei yake. Wajibu jamaa kwa upole kwamba huna, na uvumilie lawama.

Simu yenyewe iwekee mipaka. Kati ya nyumba ile na Pemba kuna tofauti ya saa sita au zaidi, na mwenye kukesha akizungumza na rafiki zake wa nyumbani hulala darasani, kisha mwili wake wakaa Marekani na fahamu yake Msumbiji, na hapati pato la huku wala la kule. Chagua siku ya kumpigia mama, umwambie siku hiyo, naye atangoja kwa raha kuliko anayepigiwa kila usiku akisikia kilio.

Nimekusihi uwe msemaji, na nitamalizia shauri hilo mahali ambapo ndipo penye uzito zaidi. Aila nyingi ni za watu wema, lakini nyumba ni nyumba, na watu ni watu. Ikiwa mtu wa nyumba ile, mkubwa au mdogo, atakupiga, atakunyima chakula, atakugusa pasipostahili kuguswa au atakwambia neno la namna hiyo kisha akuombe usitoe siri, hapo staha imekwisha wajibu wake. Kuna mratibu wa mpango karibu nawe ambaye kazi yake ni kusikiliza hayo, na namba yake iweke mahali pengine zaidi ya simuni. Najua binti wa kwetu hufundishwa kusitiri, na kwamba ataogopa kusikia watu wa mtaani wakisema ameaibisha safari. Kusitiri ni kwa aibu yako mwenyewe. Aibu ya mwenye kudhulumu haikuwekwa katika amana yako. Kuhamishwa nyumba nako si fedheha, hutokea hata pasipo dhuluma, kwa sababu tu tabia mbili hazikuafikiana.

Zawadi chukua, na zisiwe za gharama: kapulana mbili tatu, kipande cha fedha cha mafundi wa Ibo kama wazazi wanakiweza, au kahawa ya Ibo. Mpe mama kapulana siku utakayomfundisha kuifunga, maana nguo asiyojua matumizi yake ataitundika ukutani.

Mwisho wa miezi kumi utarudi, na sheria ya viza yako itakutaka ukae kwenu miaka miwili kabla ya kuweza kuomba ukaazi wa huko. Toa shuka zako kitandani ukazifue, rudisha ufunguo mkononi mwa mwenyewe, na ukifika nyumbani waandikie wiki hiyo hiyo kabla uvivu haujageuka haya. Nyumbani usiitazame matapa kana kwamba humjui aliyeipika, wala usianze kila sentensi kwa kule Marekani. Watakuuliza mbona hukuleta simu za kugawa. Waambie ukweli, kwamba ulikwenda kusoma na posho ilikuwa ndogo. Watanung'unika siku mbili tatu, kisha watakuletea watoto wao uwafundishe Kiingereza barazani baada ya alasiri, nawe wakubali, na usiwatoze kitu.