Ilhamu Katika Maneno Yaliyokwisha Kusemwa

Swali la chimbuko la ilhamu, yaani ule msukumo unaomwezesha mtu kutunga jambo ambalo hakulipanga wala hakulitarajia, limejibiwa tangu kale kwa njia mbili zinazopingana. Katika mazungumzo ya Plato yaitwayo Ion, Socrates anashikilia kwamba mshairi hatungi kwa ujuzi wake, kwa kuwa ni nguvu ya kiungu inayompagaa na kusema kwa kinywa chake. Waandishi wa ulimbwende, mkondo wa fasihi ulioshamiri Ulaya kuanzia mwishoni mwa karne ya 18, walilihamishia chimbuko hilo ndani ya nafsi ya mtunzi na kuitukuza hisia yake ya pekee. Pamoja na tofauti zao, pande hizi mbili zinakubaliana katika dhana moja, kwamba maneno ya shairi huzaliwa yakiwa mapya pale yanapomfikia mshairi, na dhana hiyo ndiyo inayotiwa shaka na ushairi wa kuokota.

Ushairi wa kuokota ni utunzi ambao malighafi yake ni maandishi ya watu wengine, aghalabu yasiyokusudiwa kuwa fasihi, kama vile tangazo, barua, taarifa ya gazeti au hukumu ya mahakama. Mtunzi huteua baadhi ya maneno, huyapanga upya katika mishororo na huyaacha au kuyafuta mengine, huku akijizuia kuongeza neno lake mwenyewe. Msanii Mwingereza Tom Phillips alianza kazi ya namna hii mwaka 1966, alipochukua riwaya ya W. H. Mallock iliyochapishwa mwaka 1892 na kuzipaka rangi kurasa zake huku akiyabakiza maneno machache tu. Riwaya hiyo moja ilimtosha kwa nusu karne, hadi toleo la mwisho la kazi yake lilipotoka mwaka 2016, jambo linaloonyesha kuwa uchache wa maneno haukuwa kizuizi kwa ubunifu wake.

Al-Jahiz, mwanazuoni wa Basra wa karne ya 9, alikwisha kutoa hoja inayolisaidia jambo hili kueleweka, aliposema kwamba maana zimetapakaa njiani na kila mtu huzijua, na kwamba ubora wa shairi unategemea uteuzi wa maneno na ufundi wa kuyaunda. Ikiwa hoja hiyo ni sahihi, basi anayeokota maneno hajakosa ilhamu, kwa sababu ilhamu yenyewe ni usikivu unaoitambua maana pale ambapo wengine wamepita bila kuiona.

Hata hivyo, usikivu huo una uzito wa kimaadili ambao hauonekani mpaka yatazamwe maandishi yenye dhambi ndani yake. Mwishoni mwa mwaka 1781, mabaharia wa meli ya watumwa iitwayo Zong waliwatupa baharini Waafrika zaidi ya 130 wakiwa hai, kisha wenye meli wakadai fidia ya bima ya pauni 30 kwa kila mtu, kama inavyodaiwa kwa shehena iliyopotea. Shauri lililosikilizwa London mwaka 1783 liliacha taarifa fupi ya kisheria, ambamo hakuna hata jina moja la waliouawa. M. NourbeSe Philip, mshairi mzaliwa wa Tobago anayeishi Kanada na aliyewahi kuwa wakili, aliichukua taarifa hiyo na kutunga kitabu cha Zong!, kilichotoka mwaka 2008. Katika sehemu ya kwanza alijifunga kutumia maneno ya taarifa ile, akayatawanya ukurasani hata yakapoteza utulivu wa lugha ya mahakama, na chini ya kurasa akapanga majina ya Kiafrika aliyoyabuni kwa ajili ya wasiotajwa. Baadaye aliyavunjavunja maneno yenyewe hadi zikatokea ndani yake sauti za lugha nyingine, zikiwemo Kiyoruba na Kishona. Lugha iliyotumiwa kuufuta utu ikalazimishwa kuushuhudia, na hakuna neno jipya la maombolezo ambalo lingeweza kuifanya kazi hiyo kwa nguvu ile ile.

Ushairi wa Kiswahili nao unaijua njia ya kutunga kwa kuitikia. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa utenzi wa Al-Inkishafi, alizichukua beti zinazonasibishwa na mshairi wa kale Fumo Liyongo na kuzifanyia takhmisi, yaani utunzi unaoongeza mishororo kwenye ubeti wa mtangulizi hadi itimie mitano. Takhmisi huongeza na ushairi wa kuokota hupunguza, lakini zote mbili zinadai adabu moja, kwamba neno la mwenzio lishikwe kama amana na mwenyewe atambuliwe.

Uislamu na Ukristo hufundisha kwamba kuumba pasipo chochote ni sifa ya Mwenyezi Mungu peke yake. Kwa mtazamo huo, mshairi anayeokota hukiri waziwazi kuwa yeye ni kiumbe, kwa kuwa huanzia kwenye lugha aliyoikuta, iliyotumiwa na wema na waovu kabla yake. Mwandishi aliyekaukiwa na mawazo hana sababu ya kuketi akingoja sauti kutoka juu wala kuikamua nafsi yake; na achukue maandishi yaliyo mbele yake, hata yale makavu ya ofisini, ayasome polepole na kuuliza yanamtaja nani na yamemnyamazia nani. Swali hilo likiulizwa kwa moyo wa kweli, uteuzi wa maneno huacha kuwa mchezo na kugeuka wajibu kwa watu waliomo ndani ya maneno hayo, na ni katika kuutimiza wajibu huo ndipo ilhamu hupatikana.