Mtoto wa chini ya ngazi

Binti mmoja wa mtaa wetu hapa Kamina, mwanafunzi wa chuo kikuu, amenirudishia wiki hii vitabu vyote saba vya Harry Potter. Alivileta ndani ya mfuko wa unga, akaviweka mezani, akasema: "Yaya, sivitaki tena mu nyumba." Nikamuuliza juu ya nini. Akanitajia sababu tatu haraka haraka, kama mtu aliyejizoeza njiani. Kikundi chao cha maombi kimesema vitabu hivyo vinaita mapepo. Kwenye simu amesoma kwamba mwandishi wake ni mtu mbaya. Halafu, kwa sauti ya chini, akasema yeye mwenyewe amekua, na mambo mengine humo hayamfurahishi tena. Akaaga, akaenda zake, na mimi tangu hapo sijatulia.

Wanaovijua vitabu hivi mtaani wataelewa. Ni tafsiri ya Kifaransa ya Jean-François Ménard, karatasi zake zimegeuka rangi ya chai. Vilitufikia kimoja kimoja kwa treni kutoka Lubumbashi, tena bila mpangilio. Cha nne kilitangulia cha tatu, na tukavisoma hivyo hivyo. Cha tano, ambacho ni kinene kuliko vyote, gundi yake iliachia mgongoni, tukakigawa vipande viwili ili wasomaji wawili wasisubiriane. Baadaye fundi viatu wa sokoni alikishona kwa uzi wake wa nailoni, na hadi leo matundu ya sindano yake yamekula herufi za kwanza za mistari. Ndani ya jalada yako majina ya walioazima, wengine kwa penseli, wengine kwa kalamu nyekundu ya mwalimu. Baadhi yao wamekwisha kuhamia Kolwezi kutafuta kazi ya migodi. Wengine wana watoto.

Kwa hiyo sishangai kwamba mapenzi yamebadilika. Kitabu cha kwanza kilitoka Uingereza mwezi Juni 1997, cha mwisho Julai 2007. Aliyekuwa na miaka kumi na moja cha kwanza kilipotoka, sawa na Harry mwenyewe, leo ana miaka kama arobaini. Vimeuzwa nakala zaidi ya milioni 600 duniani, na sidhani kuna mfululizo mwingine wa zama zetu uliopendwa hivyo kisha ukagombanisha wapenzi wake hivyo. Mwaka 2020 mwandishi, J. K. Rowling, aliandika maneno yake juu ya wanawake na watu waliobadili jinsia, na wasomaji wake wakagawanyika: wengi waliona amewatukana wanyonge, wengine wakasimama upande wake. Daniel Radcliffe, aliyeigiza Harry kwenye filamu, alimpinga waziwazi, lakini akawaambia wasomaji kwamba walichokipata ndani ya vitabu kinabaki kati yao na vitabu, hakuna awezaye kukigusa. Mimi naona kijana huyo alisema neno la maana.

Sisi Waafrika tulikuwa na ugomvi wetu hata kabla ya huo. Mapema mwaka 2016 mwandishi alitangaza kwamba Afrika nayo ina shule yake ya uchawi, jina lake Uagadou, iliyojengwa kwenye Milima ya Mwezi, yaani Ruwenzori. Tulishangilia! Ruwenzori ni mlima wetu pamoja na Waganda. Upande mmoja wake uko Kivu Kaskazini. Kisha tukahesabu. Ulaya ina shule tatu ndani ya hadithi, kila moja na mavazi yake, lugha yake na chakula chake. Afrika nzima, kutoka Cairo hadi Cape Town, imepewa moja tu ya kutajwa kwa jina, na kwenye vitabu vyenyewe saba haimo hata kwa mstari. Ni haki msomaji wa Kamina kuuliza mgeni amekaribishwa chumba gani, sebuleni au uani.

Sasa nirudi kwenye ile sababu ya tatu, maana hiyo ndiyo inayonikera kwa jinsi ilivyosemwa kwa woga. Binti alipoondoka nilifungua kitabu cha nne. Humo Hermione, rafiki yake Harry, anagundua kwamba chakula chote cha shule ya Poudlard kinapikwa na watumwa wadogo wenye masikio makubwa, wasiolipwa senti, wasio na likizo, ambao wamefundishwa kupenda utumwa wao. Anaanzisha chama cha kuwatetea, anadai walipwe. Shule nzima inamcheka, hata rafiki zake, na mwandishi mwenyewe kama anacheka pamoja nao. Pembeni mwa ukurasa, kwa penseli, kwa mwandiko wa binti yule, nimekuta: "Juu ya nini banamucheka?"

Huo ni usomaji. Mji huu ulikua juu ya reli ya BCK, iliyofika Port-Francqui, Ilebo ya leo, mwaka 1928, na wengi walioitandika hawakuulizwa kama wanataka kazi. Vijijini wazee wetu walilimishwa pamba kwa amri, na asiyelima alikiona cha moto. Mjukuu wa watu hao akisoma habari ya watumwa wanaofurahia utumwa, asicheke, akaandika swali lake pembeni, mimi namvulia kofia. Angenirudishia vitabu kwa sababu hiyo peke yake ningevipokea kwa mikono miwili na kumwomba akae tuzungumze. Lakini yeye aliificha chini ya zile mbili alizozisikia kwa watu. Sababu iliyomtoka ndani ya kichwa chake aliionea haya, za kuambiwa akazitamka kwa kifua.

Najua atakachoniambia ndugu wa kikundi cha maombi. Atasema: wewe unasifu vitabu, hujui nchi unayoishi. Mwingereza anaweza kucheza na uchawi kwa sababu kwake umebaki hadithi ya jioni. Kwetu uchawi unavunja ndoa, unafukuzisha watu vijijini, unatia watu kaburini. Hilo ni kweli, na sitalipunguza hata kidogo. Mzazi wa hapa akiona mwanawe anakimbia uani na kijiti akitamka maneno ya kichawi, moyo lazima umdunde. Lakini ndugu yangu, umekisoma? Sikuulizi kama umeona picha ya jalada. Nauliza kama umesoma kurasa hamsini za kwanza tu.

Maana humo utakuta habari unayoijua vizuri kuliko msomaji yeyote wa London. Mtoto amefiwa na baba na mama akiwa na mwaka mmoja. Anapelekwa kwa mama yake mkubwa. Pale nyumbani mtoto wa wenyewe ana vyumba viwili, yatima analala kabatini chini ya ngazi, pamoja na buibui, na nguo zake ni zile zilizomchosha mwenzake. Mambo ya ajabu yanamtokea: wanamnyoa vibaya, asubuhi nywele zimeota zote, anafukuzwa na wenzake, anajikuta juu ya paa la jiko la shule. Kila likitokea jambo anafungiwa. Mama mkubwa na mumewe wanajua kitu juu ya wazazi wake, hawamwambii, na wameapa kukiondoa kitu hicho ndani yake hata kwa nguvu.

Kule kilikoandikwa kitabu, sura hiyo ni ya kuchekesha. Kamina haichekeshi hata kidogo. Hapa hatuna kabati chini ya ngazi, tuna jiko la nje. Mama amefariki, mtoto amechukuliwa na ndugu, na mdogo wa nyumba anapougua malaria na kufa, macho yote yanamgeukia yule mgeni, kwa sababu anakojoa kitandani, au anaweweseka usiku, au ana kifafa, au anajibu wakubwa. Anapelekwa kuombewa, anafungishwa siku kadhaa bila chakula, pengine anatiwa pilipili machoni ili akiri. Akishakiri anafukuzwa. Watoto wa namna hiyo wako Mbuji-Mayi, wako Lubumbashi, na anayeshuka treni kwenye stesheni yetu usiku atawaona wamelala karibu na mizigo. Katiba yetu ya 18 Februari 2006, kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto uchawi, na imelitaja jambo hilo kwa jina, sambamba na unyanyasaji wa kingono. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 ikaongeza kifungo kwa anayemsingizia. Katiba ngapi duniani zimelazimika kuandika sentensi kama hiyo?

Basi nielezeni: katika nchi ya namna hii, kitabu kinachomwambia yatima aliyeitwa mchawi kwamba kosa haliko kwake, liko kwa waliomfungia, ndicho tunachokiogopa? Huyo mtoto analindwa na kitu kimoja, kwamba mama yake alikubali kufa badala yake. Adui yake ameua watu kwa kuogopa kifo. Sijui mahubiri gani ya Jumapili yanapingana na hayo.

Tena tusijifanye watu tusiowahi kusikia hadithi za ajabu. Nchi hii ya Waluba ilisimama juu ya moja. Kalala Ilunga, mtoto wa dada yake mfalme Nkongolo, anakua kwenye boma la mjomba, anamshinda mchezoni, anamshindia vita, na mjomba kwa wivu anachimba shimo, analijaza mikuki, anatandika mkeka juu yake na kumwita mpwa aje acheze ngoma. Mpiga ngoma anamwonya kwa mapigo. Kijana anaponyoka, anavuka Lualaba hadi kwa baba yake Mbidi Kiluwe, anarudi na jeshi. Bana balute, watunza kumbukumbu wa Waluba, waliisimulia wakipapasa shanga za lukasa, ubao wao wa kumbukumbu, na wasimulizi hawakufanana: kila boma lilikuwa na namna yake, nani asifiwe zaidi, nani alaumiwe. Humo mna nyoka wa upinde wa mvua na mengi yasiyofundishwa kanisani. Nkambo zetu walitusimulia, na wengi wao walikuwa waumini wa kweli.

Wapo watakaoniambia pesa ya kitabu inamfikia mwandishi, na kwa hiyo kusoma ni kumuunga mkono. Kwa anayenunua kipya Paris au Brussels, hoja ina uzito, aipime mwenyewe. Nakala iliyopita mikono yote hii na kushonwa na fundi viatu haimpelekei mtu faranga hata moja.

Kwa hiyo binti nimemtumia ujumbe aje, tuongee habari ya ile penseli. Akitaka kuvikataa baada ya hapo, avikatae kwa maneno yake, nami sitambembeleza. Na wazazi wanaoniuliza kama mtoto wa miaka kumi avisome, jibu langu ni ndiyo, kitabu cha kwanza, cha pili na cha tatu, mchana, na mzazi asome pamoja naye ile sura ya kabati. Cha nne kinamalizika kwa kijana kuuawa mbele ya mwenzake makaburini. Hicho asubiri hadi afike kidato cha kwanza.